Kifo cha Ouko: tume zimetosha, twende mbele ya hakimu

Mwanzilishi wa mjadala, Kisumu

Ndugu zangu, kila Februari ikifika tunarudi pale pale: faili ya Dkt. Robert Ouko ifunguliwe upya au iachwe? Wengi wanaotaka ifunguliwe huomba tume nyingine. Mimi nataka ifunguliwe, lakini tume siitaki hata kuisikia.

Vijana wamelisikia jina hilo juu juu tu, kwa hiyo nieleze. Ouko alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990 alitoweka nyumbani kwake shambani, Koru, upande wa Muhoroni. Mfanyakazi wa nyumbani alisema aliamka usiku akaona gari jeupe. Tarehe 16 ikatangazwa kwamba mwili wake umepatikana kwenye kilima cha Got Alila, umechomwa, una jeraha la risasi kichwani, mguu umevunjika. Kando yake palikuwa na bastola na jerikeni. Mtu aliyevunjika mguu, akapigwa risasi, akachomwa moto, na bado wakatokea watu wa kutuambia alijiua! Kisumu iliwaka kwa maandamano, na haki ilikuwa yao walioandamana.

Kinachoninyima raha mpaka leo ni zile siku tatu. Kijana mchunga mifugo alisema aliuona mwili tarehe 13 yenyewe, mchana. Kama ni hivyo, marehemu alilala pale kilimani siku tatu kabla ya nchi kuambiwa. Katika siku hizo nani alipanda Got Alila? Nani alishika nini, akaondoa nini, akaacha nini? Ukitaka kujua kama ile bastola na ile jerikeni zina maana yoyote kama ushahidi, lazima uanzie hapo.

Sasa tazameni tulivyozungushwa. Aliletwa mpelelezi John Troon wa Scotland Yard, polisi wa Uingereza, akaondoa dhana ya kujiua na kupendekeza Nicholas Biwott, waziri wa nishati, na Hezekiah Oyugi, katibu mkuu wa usalama wa ndani, wachunguzwe zaidi. Ikaundwa Tume ya Jaji Gicheru mwaka 1990. Novemba 1991, kabla haijamaliza kazi, Rais Moi akaivunja. Biwott na Oyugi wakakamatwa, wakaachiliwa baada ya wiki mbili kwa kukosekana ushahidi. Aliyefikishwa kortini ni Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, naye mahakama ikamwachilia huru 1994. Ikaja kamati teule ya bunge chini ya mbunge Gor Sunguh, na mwaka 2010 bunge likaikataa ripoti yake. Tume huishi kwa hisani ya aliyeiunda. Akiona inamkaribia, anaivunja.

Hakimu hawezi kuvunjwa hivyo. Kifungu cha 388 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kumwagiza hakimu, wakati wowote, achunguze chanzo cha kifo. Wakati wowote! Na kosa la mauaji haliishi muda wa kushtakiwa. Mnasemaje?

Mkazi wa Muhoroni

Ndugu, nakuheshimu, lakini sisi tunaoishi huku kwenye miwa tumechoka. Oyugi alifariki 1992, Biwott 2017 huku akikana mpaka mwisho, Moi 2020. Hakimu atamhoji nani? Wazee wetu wachache waliobaki wakigusiwa jambo hili bado wanashusha sauti. Unataka uwapandishe kizimbani wakiwa na miaka themanini, halafu wanasiasa walichukue jina la marehemu wakaombee kura? Familia iachwe ipumzike.

Mchangiaji wa Nakuru

Naungana na ndugu wa Muhoroni kwa sababu nyingine. Padri John Kaiser, Mmarekani aliyetetea haki za watu hapa Kenya, alikutwa amekufa kando ya barabara ya Nakuru kwenda Naivasha, Agosti 2000. Uchunguzi wa mahakama ulifanyika, na mwaka 2007 hakimu akasema aliuawa. Nani amefungwa? Hakuna. Afadhali tudai nyaraka zote zitolewe hadharani, basi.

Mwanzilishi wa mjadala

Mfano wa Padri Kaiser ndio unaonipa nguvu. Wapelelezi wa FBI ya Marekani walikuwa wamesema alijiua. Bila yule hakimu, uongo huo ndio ungeandikwa juu ya kaburi lake. Na hapa kwetu Nyalenda, yule mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, aliyeuawa kwenye msako wa polisi baada ya uchaguzi wa 2017: uchunguzi mbele ya hakimu wa Kisumu ndio uliosema mwaka 2019 kwamba polisi waliwajibika, na mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaidhinisha maafisa washtakiwe. Mwendo ni wa kobe, nakubali. Lakini tume gani imetufikisha hata hapo?

Nyaraka ziwekwe wazi, naam, naziunga mkono. Ila karatasi haiulizwi maswali. Ripoti ya Troon na kumbukumbu za Tume ya Gicheru zisomwe kortini, kisha walio hai waulizwe juu yake. Aliyekuwa askari kijana au karani mwaka 1990 leo ana miaka hamsini na kitu, sitini. Hao wapo. Anayeogopa, tuna Sheria ya Kuwalinda Mashahidi tangu 2006, itumike.

Mzee wangu wa Muhoroni, hapo kwenye familia umenigusa. Waulizwe wao kwanza kabla ya mtu yeyote, na wakikataa, mimi nitanyamaza. Lakini hao wazee wanaoshusha sauti ndio hasa ninaowapigania. Miaka zaidi ya thelathini mtu anaogopa kutaja alichokiona kijijini kwake! Kikao kiwe karibu nao, mahakama ya Tamu ipo hapo hapo, na asiyetaka kusema mbele ya watu asikilizwe faraghani. Swali la kwanza liwe ni nani alipanda Got Alila kati ya tarehe 13 na 16.