Yule wa misemo leo kanitumia Einstein katoa ulimi

Wakuu, sijalala. Ni yule yule, mnamjua. Kila kundi yumo, na ukihama unamkuta kule keshafika zamani na picha ya jua linachomoza.

Jana usiku niliandika kundini kwamba nimefeli mtihani wa bodi mara ya tatu. Nimekosa alama mbili. Mbili! Naandika huku nalia, herufi sizioni. Wenzangu wameanza kunipa pole, dakika haijaisha, huyo hapo: picha ya Einstein katoa ulimi, na chini yake, "Wazimu ni kurudia jambo lile lile ukitegemea matokeo tofauti." Akamalizia na vile viganja vya kuomba.

Ulimi, jamani. Nafuta machozi, nafungua simu, nakutana na ulimi!

Nimekesha nachimba. Einstein alifariki 1955. Maneno hayo hayamo katika maandishi yake, yameanza kuchapishwa miaka ya 1980. Na ile picha ilipigwa tarehe 14 Machi 1951, siku anatimiza miaka 72, kachoka kuombwa atabasamu. Mtu aliwatolea ulimi waliomsumbua, leo ulimi huo huo unaletwa kunisumbua mimi!

Sichukii hekima. Babu yangu alikuwa na methali gunia zima, ila alikaa nawe kwanza, ulie uishe, ndipo aseme. Huyu anakurushia ungali mlangoni. Nikikawia, "ngoja ngoja huumiza matumbo." Nikiwahi, "haraka haraka haina baraka." Niende wapi?

Picha nimeifuta. Ulimi bado nauona.

KIGINGI: Pole mkuu, ila mara tatu... jamaa ana hoja 😂😂

MLETA UZI: Hoja gani? Mara ya kwanza nilikosa alama 19, ya pili 8, sasa 2. Hilo ni jambo lile lile?

MAMA PACHA: Wako afadhali. Wangu nilimwambia nimeachika, akanijibu, "Sikubaliani na unachosema, lakini nitaitetea hadi kufa haki yako ya kukisema." Eti maneno ya Voltaire, yule mwanafalsafa Mfaransa. Vinahusiana nini?

FUNDI SAA: Na wala si Voltaire, alikufa 1778. Aliyeyaandika ni Evelyn Beatrice Hall, mwaka 1906, akifafanua msimamo wa Voltaire.

MAMA PACHA: Mimi nimeachika wewe unaniletea miaka??

KIGINGI: 🤣🤣 Fundi naye ni yule yule, kabadili jina tu

JICHO KALI: Mnalia na misemo, mimi nina wa kutuma sauti. Dakika tisa. Mbili za kwanza anakohoa.

MAMA PACHA: Na anayeandika "kuna jambo nitakuambia" halafu anazima simu?

JICHO KALI: HUYO AFUNGWE

MLETA UZI: Jamani, tulikuwa kwenye ulimi.

FUNDI SAA: Wa sauti usimwonee, pengine hajui kuandika vizuri.

JICHO KALI: Hajui? Akiwa anadai hela yake anaandika, tena na nukta anaweka!

KIGINGI: Wangu akidaiwa yeye ndiyo anatuma sauti, kelele tupu, husikii kitu

MAMA PACHA: Huyo ni mume wangu wa zamani au?