Fremu zinafungwa Mbeya: tumwondoe machinga au tumbane mwenye nyumba?

Mleta mada, Mwanjelwa

Wakuu, heshima kwenu.

Anayepita Mwanjelwa, Kabwe hadi Mafiati siku hizi hahitaji kusimuliwa. Mlango wa chuma umeshushwa, umeandikwa kwa rangi FREMU INAPANGISHWA, chini yake namba ya dalali. Upo mmoja karibu na kwangu una namba za madalali watatu, kila mmoja kapaka rangi juu ya namba ya mwenzake. Fremu ya barabarani, yaani chumba cha duka cha kupanga, ilikuwa haikai wazi, watu wakiigombania kwa kilemba, kumlipa aliyemo ili akuachie. Leo inapigwa vumbi.

Kila kikao cha wafanyabiashara kauli ni moja: machinga ndiye kaua maduka, aondolewe mbele ya milango yetu. Mimi nauza vyombo vya plastiki na masufuria, nina machinga wawili wanaotandika hatua chache kutoka mlangoni kwangu, na bado nasema tunamsingizia.

Tuseme ukweli ambao wenye maduka tunaumeza. Mali ya machinga inatoka wapi? Inatoka dukani. Asubuhi kijana anakuja, namhesabia sahani, ndoo na vikombe kwa mali kauli, yaani atalipa akishauza, naandika kwenye daftari, anaenda kutandika. Jioni analeta hesabu, na kilichobaki anakirudisha kwenye kiroba. Alichouza nje hakikatiwi risiti. Ndiyo maana wengine wetu tunawalaani kwenye vikao na kuwapa mzigo alfajiri. Ukimfukuza huyo, umemfukuza muuzaji wako mwenyewe.

Na nguvu tulishazijaribu. Novemba 2011 operesheni ya kuwaondoa hapa Mwanjelwa iligeuka vurugu, mabomu ya machozi, mji ukasimama, hadi mbunge wa wakati ule, Joseph Mbilinyi, akaja kuwatuliza vijana. Mwaka 2021 likaja agizo la nchi nzima la kuwapanga upya. Sasa nenda Kabwe saa kumi na moja jioni uone kama wamepungua.

Kinachotumaliza ni pango la kulipa mbele. Chukua fremu ya laki tatu kwa mwezi, wala si ya juu. Mwenye nyumba anataka miezi sita: milioni 1.8. Dalali anataka chake, mara nyingi pango la mwezi mmoja. Zaidi ya milioni 2 imeondoka kabla hujanunua hata kijiko, na hizo ndizo zilikuwa mtaji. Mwezi wa nne unaanza kula mzigo. Mwezi wa sita unafungua mlango ili mwenye nyumba akukute, na akija anasema bei imepanda.

Kwetu nyanda za juu fedha ina msimu wake. Mpunga wa Kyela na Mbarali ukivunwa, kahawa ya Mbozi ikilipwa, viazi na parachichi za Rungwe zikipata bei, mji unachangamka. Januari mpaka Aprili watu wako kwenye ada, mbolea na kupalilia, vyombo vipya nani ananunua? Pango halijui masika.

Hoja yangu: iwekwe sheria kwamba pango la biashara lisidaiwe mbele zaidi ya miezi mitatu. Sheria ya kudhibiti pango tulikuwa nayo, ya mwaka 1984, ikafutwa 2005, tangu hapo kila mtu na mabavu yake. Nawasilisha.

Duka la viatu, Kabwe

Mkuu, wewe unauza ndoo, hujui maumivu ya kiatu. Mteja anaingia kwangu, anajaribu raba, anatembea nayo, anauliza bei, anavua, anatoka, ananunua ileile nje kwa pungufu ya elfu tano. Mimi nimekuwa chumba cha kujaribia.

Vitambulisho vya machinga vya mwaka 2018 vilitolewa kwa elfu ishirini kwa mtu ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365: haifiki hata elfu 11 kwa siku. Kuna vijana hapo nje wanauza hiyo kwa saa moja jioni. Huyo si mnyonge, huyo ni mshindani wangu asiyelipa pango, ushuru wala kushika EFD, mashine ya risiti za kodi. Mali kauli yako unayotoa wewe ndiyo inayoniua mimi.

Nipo barabarani, Mafiati

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mnayemjadili.

Nilikuwa na fremu. Tulikuwa wawili, tumechangishana, tukauza nguo za watoto. Miezi sita ilipoisha hatukuwa na sita nyingine, mwenye nyumba akabandika kufuli lake juu ya letu. Nguo zilizobaki ndizo nilizoanzia kutandika chini. Kwa hiyo kaka wa viatu, ukifunga kesho kutwa utanikuta hapa, nitakusogezea nafasi. Wengi tuliopo hapa tulikuwa na milango.

Duka la viatu, Kabwe

Haya, nisogezee na turubai kabisa.

Mhasibu, Forest

Ngoja niweke hesabu mezani, maana mnabishana bila namba.

Duka linauza milioni 60 kwa mwaka, kama laki moja na elfu sitini na kitu kwa siku. Faida yake juu ya bei ya kununulia tuseme ibaki asilimia 10 ya mauzo: milioni 6. Toa pango la laki tatu kwa mwezi, milioni 3.6. Imebaki milioni 2.4. Kwa kiwango kilichowekwa na Sheria ya Fedha ya 2022, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo kati ya milioni 11 na 100 analipa asilimia 3.5 ya mauzo. Mauzo, si faida. Hiyo ni milioni 2.1. Imebaki laki tatu. Ushuru wa huduma wa halmashauri, tukiuhesabu kwa asilimia 0.3 ya mauzo, laki moja na elfu themanini. Imebaki laki moja na ishirini kwa mwaka mzima, elfu kumi kwa mwezi. Hujalipa umeme, mlinzi, leseni, wala hujala.

Sasa kodi ya zuio. Kisheria mpangaji anazuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka mamlaka ya mapato, TRA, ni kodi ya mwenye nyumba. Mtaani mwenye nyumba anakwambia "yangu nataka kamili". Ili yeye abaki na milioni 1.8 kamili, mkataba unapaswa kusoma milioni 2 na wewe ukapeleke laki mbili. Wengi hawapeleki kabisa, halafu TRA wakija kukagua wanakubana wewe uliyekuwa na wajibu wa kuzuia.

Duka la viatu, Kabwe

Asante mhasibu. Na hiyo asilimia 10 imetoka wapi? Kabla ya foleni ya machinga mlangoni nilikuwa napata 25. Weka 25 kwenye hesabu yako, pango linalipika na kodi inalipika. Umenithibitishia mwenyewe.

Mleta mada, Mwanjelwa

Mkuu wa viatu, hapo umenigusa, hesabu ni hesabu. Ila faida imeshushwa na wengi, si machinga peke yake. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023, binti anaona gauni kwenye stetasi ya mtu wa Kariakoo, anatuma hela kwa simu jioni, kesho yake anakwenda kuchukua kifurushi stendi. Anayemuuzia hana fremu Mbeya, hana hata mkeka. Huyo utamfukuza na mgambo gani?

Dola nayo. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kwenye 2,300 na kidogo, mwaka uliofuata ikapita 2,600. Vyombo vyangu karibu vyote vinatoka China. Bei ya kununulia ikapanda, mteja mfuko wake uleule. Nikipandisha anaondoka, nisipopandisha nakula mtaji.

Mama vitenge, Tunduma

Mnaongea kama wateja wote ni wa Mbeya mjini. Sisi wa mpakani tunaishi kwa kwacha, hela ya Zambia na ya Malawi. Malawi waliposhusha kwacha yao kwa asilimia 44 Novemba 2023, wenzetu wa Kasumulu, mpaka wa Malawi, walilia wiki ileile. Mteja wa Karonga aliyekuwa akibeba majora matano akawa anabeba mawili na kuomba deni. Mwaka uliofuata Zambia ikapigwa ukame, na Nakonde, ng'ambo yetu upande wa Zambia, nao wakapoa. Hakuna machinga hapo wala mwenye nyumba. Jirani akikosa hela, na wewe unafunga.

Mwenye nyumba, Soweto

Nimesoma kimya, sasa niseme, maana mmenifanya mchawi wa kijiji.

Fremu zangu nne nimejenga kwa mkopo wa benki. Benki hainiulizi mpunga umevunwa au bado. Miezi sita ninayodai ndiyo dhamana yangu. Nilishamhurumia mpangaji mmoja, nikamruhusu alipe mwezi kwa mwezi. Mwezi wa tatu akasema mambo magumu, wa nne akawa hapokei simu, wa tano nimekuta mlango wazi: rafu kang'oa, taa kang'oa, hata soketi ya ukutani katoka nayo, nyaya zinaning'inia. Kumpeleka mtu baraza la ardhi na nyumba kwa pango la miezi miwili utatumia nauli kuliko deni.

Mnataka sheria ya miezi mitatu, sawa. Na sheria ya kumtoa mpangaji asiyelipa ndani ya wiki mbili mtaiweka? Mkikataa hilo, sijengi fremu tena, nitajenga vyumba vya wanafunzi.

Mzee wa Uhindini

Vijana, maduka kufungwa Mbeya si jambo la leo. Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili yafunguliwe ya vijiji na ushirika. Ya ushirika mengi rafu zilibaki na chumvi na viberiti. Baada ya vita ya Uganda sabuni na sukari vikawa foleni. Mwaka 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, mtu anazika katoni za sabuni shambani kwa woga. Wakati huo hela mfukoni ipo, bidhaa hakuna. Sasa bidhaa zimejaa mpaka barabarani, hela hakuna. Bora nini, sijui, ila fundisho moja nililoliona: kila serikali ilipoingia kupanga nani auze wapi, aliyeumia ni mnunuzi.

Na moto msiusahau. Soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006, na la Sido 2017, watu walipoteza mzigo wote. Baadhi ya fremu mnazoziona zimefungwa, wenyewe hawajawahi kusimama tena.

Mleta mada, Mwanjelwa

Shikamoo mzee. Ndaga fijo kwa historia. Ila mnunuzi anaumia pia mji ukibaki na mageti tupu.

Mnyalu wa Miyomboni, Iringa

Iringa tunayo hayohayo. Machinga wa eneo la Mashine Tatu tulipigana nao mwaka 2013, mji ukafuka moshi, maduka hayakuongezeka hata moja. Mimi nauza vifaa vya umeme, nilichofanya ni kugawa fremu: nusu yangu, nusu fundi simu, kibaraza mama wa chipsi. Mwenye nyumba alinuna, akazoea. Naunga mkono miezi mitatu.

Nipo ughaibuni, Uingereza

Ndugu zangu, huku hakuna anayetandika viatu mbele ya duka. Pango la biashara kwa desturi ya miaka mingi linalipwa kila robo mwaka, yaani hiyo miezi mitatu mnayoililia. Na bado uchumi ulipoyumba, Woolworths walifunga maduka yao yote zaidi ya 800 kati ya Desemba 2008 na Januari 2009, watu kama 27,000 wakakosa kazi. Debenhams wakafunga la mwisho 2021, Wilko 2023. Miji midogo ina barabara nzima za vioo vilivyobandikwa karatasi. Sasa mleta mada, dawa yako imeshindwa ilikotumika.

Mleta mada, Mwanjelwa

Mkuu wa ughaibuni, Woolworths alikuwa na madeni makubwa na maduka makubwa kama stendi, na kule duka moja linashindana na supamaketi na la mtandaoni. Mimi nazungumzia mtu wa fremu moja ambaye nusu ya mtaji wake inalala kwa mwenye nyumba siku ya kwanza. Sijasema miezi mitatu itamletea mteja. Nimesema itamwachia hela ya kununua mzigo na ya kuvuka mpaka Juni. Anayefunga Machi kwa sababu tu pango limeisha, wakati mpunga unaanza kuvunwa miezi miwili mbele, huyo anaokoleka.

Na mzee wa Soweto, hoja yako ya dhamana ni nzito, sijaona aliyeijibu. Tuseme hivi: mpangaji anaweka pango la mwezi mmoja kwako kama amana, asiiguse, anatoka nayo akikabidhi fremu nzima na soketi zake. Halafu analipa miezi mitatu mitatu, na mkataba uandikwe kwa mwanasheria kwamba akipitisha siku 30 bila kulipa, anatoka bila kesi ndefu. Jumla unapokea miezi minne siku ya kwanza badala ya sita. Fremu zako nne, ngapi ziko wazi sasa?

Mwenye nyumba, Soweto

Mbili. Moja tangu Desemba.

Mwezi mmoja wa amana ni mdogo, soketi na rafu peke yake zinaumaliza. Weka miwili, njoo tuangalie hiyo ya pembeni. Na ile asilimia 10 ya TRA sitaki kuisikia, peleka wewe, risiti uniletee.

Mhasibu, Forest

Mzee, hiyo ni kodi yako wewe.

Mwenye nyumba, Soweto

Basi tuanzie hapo kwanza.