Nyuzi 32 za Tanga ni joto dogo? Mechi za watoto saa nane mchana zisimame au tuseme tumezoea?

Mleta mada, Mikanjuni

Wakuu za usiku. Kuna jambo linanikereketa tangu juzi naomba tulijadili. Mie jioni nikitoka kazini napita banda la gemu hapa mtaani, tunacheza gemu la mbio za magari mtandaoni, unakimbizana na watu wa dunia nzima huku mnachati. Juzi tulikuwa kwenye saketi ya Singapore, feni moja inazungusha hewa ya moto, pedi inateleza mkononi kwa jasho, nikaandika kwenye chati hapa Tanga ni 32 nakufa kwa joto. Jamaa mmoja yuko Phoenix, Arizona, akajibu 32 si maji yanaganda, kavae koti. Nikaona ananitania kumbe yuko serious, Marekani wanapima kwa farenhaiti na huko maji yanaganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212, wakati sisi kwa selsiasi ni 0 na 100. Tukapiga hesabu, zidisha kwa 9, gawa kwa 5, jumlisha 32, nyuzi zetu 32 zikawa karibu 90 zake. Ndo akasema tisini tu? Kwetu Julai hiyo ni asubuhi, mchana inafika 113. Hiyo ni nyuzi 45 wakuu, na simwiti muongo maana mwaka 2023 mji wao ulikaa siku 31 mfululizo kila siku inagonga 110 au zaidi, yaani nyuzi 43 kwenda juu.

Akaingia mwingine wa Canada anasema kwao aliwahi kuona hasi 40, mtu akamuuliza selsiasi au farenhaiti, akajibu hapo ni sawasawa, na kweli hesabu hiyohiyo inakupa hasi 40 pande zote mbili.

Sasa banda zima likanigeukia, vijana wanasema kumbe Tanga tunalialia bure. Hapo ndo moyo ukanipanda. Jumamosi iliyopita mtoto wa miaka 12 ninayemfundisha mpira alianguka uwanjani dakika ya ishirini, mechi imepangwa saa nane mchana, jua la utosi, na nilipowafuata waliopanga wakanijibu maneno hayohayo, thelathini na mbili nayo joto?

Hoja yangu: miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, watoto wasichezeshwe mechi wala kukimbizwa kati ya saa tano na saa kumi. Na tukitajiwa hali ya hewa tusitajiwe joto peke yake, tutajiwe na fukuto. Neno tunalo tangu enzi za mabibi. Joto ni joto, fukuto ni pale hewa imekaa tu, nguo imekushika mgongoni na jasho linatiririka halikauki. Namba ya joto bila fukuto ni nusu ya habari. Karibuni.

Makorora

Kaka pole kwa huyo kijana, ila mie sikubaliani. Tumezaliwa kwenye joto hili, tumecheza mpira mchangani saa saba bila viatu na hakuna aliyekufa. Mwili unazoea. Tatizo la siku hizi ni bati. Zamani nyumba ya makuti, dari ya boriti, baraza nje, mwarobaini uani, leo mtu anakata mwarobaini anaezeka bati tupu bila dari halafu anasema dunia imeharibika. Kama unataka kupigania kitu pigania miti irudi. Kanuni za saa za mechi ni mambo ya nchi tajiri.

Dereva boda, Ngamiani

Naunga mkono Makorora. Mie niko juani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa jaketi na helmeti, na mchana ndo abiria wapo. Mkianza kuweka sheria za watu wasitoke saa sita mpaka saa tisa leo kwa watoto kesho kwetu, nani atalisha nyumba yangu? Mjue mkisema joto hatari anayeumia wa kwanza ni mwenye kipato cha siku.

Mleta mada

Boda wangu sijasema mtu mzima azuiwe kazi, nimesema watoto. We ukiona kichwa kinakuzunguka unaegesha chini ya mkwaju unakunywa maji. Mtoto wa miaka 12 kwenye mechi hana ruhusa hiyo, akitoka ataitwa mvivu na namba yake anapewa mwingine, kwa hiyo anakimbia mpaka anaanguka. Hapo ndo tofauti yenyewe ilipo.

Na kuzoea ni kweli Makorora sikatai. Mwili unajizoesha joto ndani ya wiki moja au mbili, unaanza kutoa jasho mapema na kwa wingi. Lakini angalia, kote huko mwili unategemea jasho, na jasho kutoka sio kupoa, linapoza likikauka. Phoenix ni jangwa, hewa kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Hapa hewa imeshashiba maji ya bahari, jasho linadondoka chini kama bomba lililopasuka na mwili umebaki na moto wake. Wamarekani wenyewe wana jedwali la kuchanganya joto na unyevu, ukichukua 90 yao, yaani 32 yetu, ukaweka na unyevu asilimia 70, jedwali linakuambia mwili unahisi 105, ambayo ni nyuzi 40 na kitu. Nilimtumia yule jamaa kwenye chati akanyamaza kidogo halafu akasema sawa, nimeelewa.

Chumbageni

Usimnyamazishe hivyo mkuu, na wewe usije ukadharau joto lao. Mwaka huohuo wa 2023 kaunti ya Maricopa ambako Phoenix ipo ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Hilo ni joto kavu tupu na watu wamekufa. Mtu akikosa maji na kivuli joto lolote linaua. Mashindano ya nani ana joto kali hayatatusaidia.

Mleta mada

Kweli kabisa, nimepokea. Hilo la kushindana nalifuta.

Raskazone

Nataka kuweka la kwangu kwa sababu mie ni mpenzi wa mbio zenyewe za kweli, sio gemu tu. Mnakumbuka mbio za magari za Formula One kule Qatar Oktoba 2023? Mbio za usiku, hakuna jua, hewa nyuzi thelathini na kitu tu, namba ambayo hapa mtu anaiita ya kawaida. Dereva Esteban Ocon alitapika ndani ya helmeti, dereva mwingine Logan Sargeant akaacha mbio kwa sababu mwili umegoma. Hao ni watu wanaofanya mazoezi kila siku, wana madaktari, wana mtu wa kuwapimia maji ya kunywa. Baada ya pale shirikisho la mbio za magari FIA likaweka kanuni, utabiri wa joto ukichanganywa na unyevu ukizidi nyuzi 31 wanatangaza hatari ya joto na timu zinaweka mitambo ya kumpoza dereva, na mara ya kwanza kutangazwa kwenye Formula One ilikuwa Singapore Oktoba 2025. Singapore iko karibu na ikweta, pembeni ya bahari, hewa nzito, ni Tanga yenye maghorofa. Kwa hiyo dereva bingwa analindwa kwenye hali ambayo sisi tunampeleka mtoto mwenye njaa ya mchana.

Makorora

Hao ndani ya gari kuna injini na nguo za kuzuia moto, usilinganishe na mtoto kavaa bukta.

Raskazone

Ni kweli nguo zinachangia. Basi chukua mpira wenyewe. FIFA wana kipimo wanachotumia, kikifika 32 mechi inasimamishwa wachezaji wanywe maji. Ila hiyo 32 sio hii ya redioni. Kipimo hicho kilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya askari wa Marekani waliokuwa wanaanguka mazoezini, na hesabu yake iko hivi: asilimia 70 inatoka kwenye kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, hilo ndo fukuto lenyewe, asilimia 20 kwenye kipimajoto kilichowekwa ndani ya tufe jeusi juani, na asilimia 10 tu ndo joto la hewa la kawaida. Kumi tu mzee wangu. Namba tunayotajiwa kila usiku, waliosoma jambo hili wanaipa uzito wa sehemu moja kati ya kumi.

Mleta mada

Aisee hiyo ya sehemu moja kati ya kumi sikuwa naijua. Hiyo peke yake inatosha.

Lushoto

Nawasoma nikiwa nimevaa sweta. Mjue mkoa ni mmoja ila sisi tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita elfu joto linashuka kama nyuzi sita na nusu. Mkiweka kanuni ya mkoa mzima kwa kalenda mtatuzuia watoto wetu kucheza mchana mzuri kabisa, na kwetu Julai asubuhi ndo kuna baridi ya kuumiza. Kanuni ifuate kipimo, isifuate mwezi.

Mwalimu, Pongwe

Naomba niseme kama ninayeishi nalo. Ratiba ya masomo imejaa, michezo inasukumwa baada ya chakula cha mchana kwa sababu ndo nafasi iliyobaki. Sio kwamba walimu hatuoni. Februari nina wanafunzi zaidi ya sabini kwenye chumba kimoja, bati, madirisha madogo, kufika saa saba nusu yao wamelala na mie mwenyewe shingo imelowa. Na Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, mtoto amefunga, hata tone la maji hajanywa tangu alfajiri, halafu jina lake liko kwenye timu. Sheria ikitoka juu tutaitekeleza kwa furaha, lakini mwalimu mmoja akiamua mwenyewe kuhamisha michezo kwenda saa moja asubuhi anaulizwa kipindi cha hesabu kimeenda wapi.

Chumbageni

Shikamoo mwalimu. Naunga mkono watoto wahamishiwe asubuhi, ila la kutaja namba mbili kwenye taarifa ya habari silipendi. Watu watashika kubwa na kuisambaza kwenye magrupu, kesho utasikia Tanga imefika 41 watu wajifungie. Onyo linafaa likiwa moja na linaeleweka. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilivyokuwa kinakuja mpaka kikapiga Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatoa maneno ya wazi, upepo mkali, mawimbi makubwa, wavuvi wasitoke. Mvuvi hakuhitaji namba ya pili.

Mleta mada

Hapo umenigusa pazuri. Basi isiwe namba, liwe neno. Fukuto dogo, fukuto kali, fukuto la hatari, na wataalamu wabaki na hesabu zao nyuma. Namba zenyewe ni makubaliano ya watu tu, Anders Celsius kule Uswidi mwaka 1742 alianza kwa kuweka 0 ni maji kuchemka na 100 ni kuganda, yaani kichwa chini miguu juu, ikaja kugeuzwa baadaye. Kama waliweza kugeuza kipimo kizima sisi tunashindwaje kuongeza neno moja ambalo kila bibi wa Tanga analielewa?

Muuguzi, Majani Mapana

Mjadala mzuri ila kuna kitu hamjakisema na ndo kinaokoa. Mtoto akianza kuweweseka, hajibu inavyotakiwa, anayumba, ngozi inawaka moto, hiyo sio uchovu, mwili umepita nyuzi 40 na ubongo unaumia kila dakika. Msimpe soda wala maji mdomoni kama hajitambui sawasawa, atapaliwa. Mtoeni kwenye jua, mvueni jezi, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni mfululizo, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Msisubiri usafiri ndo muanze kumpoza. Na watoto wadogo wanatoa jasho kidogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo Makorora kusema sisi tulicheza hakuna aliyekufa, kaka yangu, wengine waliugua wakaambiwa ni malaria na hakuna aliyehesabu.

Makorora

Dada hilo limeniingia. Kuna mwenzetu utotoni alianguka hivyo tukasema ana mapepo. Alipona, lakini sijawahi kumfikiria hivi mpaka leo. Nabaki na hoja yangu ya miti na bati, ila kwenye mechi za watoto mniandike upande wa pili.

Dereva boda, Ngamiani

Mie kama ni watoto tu sina shida. Ila mwekeni na sisi kivuli kwenye vijiwe.

Mleta mada

Wakuu nimerudi na mrejesho. Leo nimenunua vipimajoto viwili, kimoja nimekifunga kitambaa cha pamba kilicholowa nikawa nakipepea, nikavipeleka uwanjani saa nane mchana kivulini. Kikavu kimesoma 32. Cha kitambaa kimesoma 27 kikagoma kushuka, na nyuzi tano za tofauti maana yake unyevu ni kama asilimia 67. Nimewapigia picha vyote viwili nikawapelekea waliopanga ile mechi, bila maneno mengi, nikawaeleza tu kwamba kitambaa kinafanya kazi ya jasho la mtoto na kimeishia hapo. Wamekubali Jumamosi hii tuanze saa moja asubuhi. Kijana mwenyewe anaendelea vizuri, mama yake amesema atakuja naye akae benchi na ndoo ya maji. Lushoto nimechukua lako, nitapima kila wiki badala ya kufuata mwezi, na mwenye kipimajoto cha ziada maeneo ya Duga au Kange anitafute tupime kwa pamoja.