Mjadala: Tamthilia za 2025, ipi imetubamba na ipi imekula bando letu bure?

MLETA MADA (Ngamiani, Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Mwaka umekatika, tufunge hesabu. Nazungumzia tamthilia za mtandaoni, za Netflix, Apple, HBO na wenzao, iwe umelipia mwenyewe au kijana wa laibrari ya muvi kakujazia kwenye flashi (sitaki kesi, kila mtu na njia zake). Humu mchele utamwagwa wote, hadi mwisho wa hadithi. Ambaye hajamaliza Squid Game wala Stranger Things akae pembeni kwanza, asije kulia baadaye.

Hoja yangu hii hapa. Hadithi mbovu zipo miaka yote. Ugonjwa wa 2025 ni kusubirishwa. Severance ilitoka mwanzoni mwa 2022, msimu wa pili ukaja Januari 2025. Wednesday Novemba 2022, ikarudi Agosti 2025. Stranger Things msimu wa nne ulianza Mei 2022, wa tano ukaonekana mwishoni mwa Novemba 2025. Sisi watu wa Tanga haraka hatuna, lakini karibu miaka mitatu au zaidi? Mtu kazaa, kaachisha ziwa, mtoto yuko chekechea, ndiyo unaletewa episodi nane! Na hizo nane zenyewe zinakatwa vipande. Wednesday wametoa nne Agosti, nne Septemba. Stranger Things nne Novemba, tatu Krismasi, na ya mwisho mkesha wa mwaka mpya kwa saa za Marekani. Kwetu ilishuka saa kumi alfajiri ya tarehe 1 Januari. Wenzetu wanaangalia jioni na familia, sisi tumeamka saa za daku na Ramadhani haijafika.

Kuchelewa huko kunaharibu kazi yenyewe. Tamthilia inaanza 2016, Millie Bobby Brown ni mtoto wa miaka 12 na kila mtu anamwonea huruma. Kwenye hadithi, msimu wa tano ni 1987 na wale watoto bado wanasoma. Nje ya hadithi, dada huyo kaolewa 2024 na tayari analea mtoto. Nakaa naangalia "wanafunzi" wenye mabega ya makuli wa bandarini, naambiwa niwahofie wasije wakadhurika. Siwahofii. Haki yao nawapa: mwisho wa episodi ya nne, yule kijana Will anapogundua naye ana nguvu za kuwasimamisha wale majini, nilisimama sebuleni nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Baada ya pale ni maelezo, maelezo, maelezo, watu wanachora mpango mezani huku dunia inaisha.

Zilizonibamba ni mbili tu, na zote hazina mambo mengi. Ya kwanza Adolescence ya Uingereza, Machi 2025. Episodi nne, basi. Kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa miaka 13 anakamatwa alfajiri, polisi wamevunja mlango, anatuhumiwa kumuua msichana wa shule yake. Ile ya tatu ni chumba kimoja, mtoto na mwanasaikolojia, saa nzima. Mwanasaikolojia kamletea chokoleti ya moto na nusu ya sandwichi yake. Mtoto anacheka, anatania, anajipendekeza, ghafla anasimama na kumfokea kwa sauti ya mwanaume mzima, na wewe unayetazama unarudi nyuma kwenye kochi. Halafu anakaa tena, mtoto vilevile. Owen Cooper, anayemwigiza huyo mtoto, alikuwa hajawahi kuigiza popote kabla ya hapo. Septemba akachukua Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, akiwa na miaka 15, mwanaume mdogo kuliko wote waliowahi kushinda tuzo hiyo kwa uigizaji.

Ya pili ni The Pitt. Hospitali moja, chumba cha dharura, zamu moja ya saa 15, na kila episodi ni saa moja ya zamu hiyo. Nayo ilibeba Emmy ya tamthilia bora.

Swali langu: ni haki kumweka mtazamaji miaka mitatu kwa episodi nane? Au kazi nzuri haiharakishwi? Njooni na zenu, mlizopenda na zilizowaangusha.

MDAU, RASKAZONE

Mleta mada umeruka jambo kubwa. 2023 waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia Mei hadi mwishoni mwa Septemba, na waigizaji wakagoma Julai hadi Novemba. Kamera zilizimwa. Stranger Things walikuwa waanze kupiga picha katikati ya 2023, wakaanza Januari 2024 na kumaliza Desemba. Ukishamaliza kupiga bado kuna kutengeneza majini na moto kwa kompyuta, nayo si kazi ya wiki mbili. Ungependa wakuletee jini la katuni?

Zangu: nimependa Andor msimu wa pili. Walitoa episodi tatu kila wiki kwa wiki nne, kila wiki unaruka mwaka mmoja wa hadithi. Huo ndio utaratibu. Hata asiyejua lolote kuhusu Star Wars ataelewa, maana ni habari ya watu wa kawaida wanaochoka kuonewa.

MDAU, SAHARE

Mimi napinga hoja yenyewe. Squid Game, ile ya Kikorea ya watu kucheza michezo ya kufa na kupona kwa ajili ya hela, msimu wa pili ulitoka 26 Desemba 2024, wa tatu 27 Juni 2025. Miezi sita! Hawakutusubirisha, na bado wamechemka. Kwa hiyo tatizo ni uandishi, kusubiri hakuhusiki.

Tuanze na yule askari Jun-ho. Misimu miwili yuko kwenye boti anatafuta kisiwa, na nahodha aliyemkodi ndiye msaliti anayempoteza. Angekuja Deep Sea hapa Tanga akachukua mvuvi yeyote, siku ya pili kisiwa kingeonekana na samaki wangepatikana juu. Kafika, mchezo umekwisha, anapiga kelele dirishani. Tumemfuata baharini kote huko kwa ajili ya hilo?

Pili, mtoto mchanga anazaliwa ndani ya mchezo na kupewa namba ya mama yake, 222. Halafu ndiye mshindi. Mabilioni yote yale ya Korea, anayeyapata hajaota hata meno!

MDAU, MAKORORA

Sahare, hapo ndipo mnapokosea wengi. Mmezoea picha za stelingi hafi. Gi-hun, stelingi mwenyewe, alirudi kwenye ule mchezo kuwathibitishia matajiri kwamba watu hawauzwi. Angeshinda yeye, angekuwa kawaua wenzake kama wanavyotaka wao. Akachagua kudondoka ili mtoto abaki. Mimi nililia, na mtu mzima niko na ndevu zangu.

Mkikubali hilo mtaelewa na The Last of Us. Joel, stelingi wao, kauawa episodi ya pili tu, Aprili, na humu mtaani watu waliapa hawaangalii tena. Waliocheza ule mchezo wa kompyuta ilikotoka hadithi walijua tangu 2020. Nakubali lakini kwamba baada yake msimu ulipwaya. Episodi saba, na inakatika ndipo ilipoanza kunoga.

MLETA MADA

Sahare, asante, umenipa nguvu. Ile miezi sita ni kiini macho. Misimu ya pili na ya tatu ilipigwa pamoja, wakaipasua katikati wauze mara mbili. Msimu wa kwanza ulikuwa Septemba 2021, hesabu mwenyewe hadi Desemba 2024. Ndiyo maana wa pili unaisha uasi umezimwa, rafiki wa Gi-hun kapigwa risasi, na hakuna kilichotatuliwa. Ulikuwa nusu ya kitu.

Raskazone, mgomo naujua na nilikuwa upande wa waliogoma. Ila msimu wa nne ulimalizika Julai 2022, miezi kumi kabla ya mgomo. Miezi hiyo nani alikuwa amegoma? Na hilo la majini ya kompyuta ndilo ninalolisema: wamejibebesha mzigo wa filamu ya sinema, kila episodi karibu saa nzima au zaidi, ya mwisho inapita saa mbili. The Pitt wamejenga wodi moja, wameweka waigizaji wazuri, wametoa episodi 15 kati ya Januari na Aprili 2025, na Januari 2026 wamerudi.

MDAU, MIKANJUNI

Salaam kaka zangu. Mimi ni nesi, kwa hiyo The Pitt ikitajwa siwezi kukaa kimya.

Mnasifia madaktari, mimi nawaambieni mwangalieni Dana, nesi mkuu wa zamu. Yeye ndiye anajua kitanda kipi kitafunguka, ndugu gani wamekaribia kupigana, daktari gani mgeni ameanza kutetemeka. Kuna baba kakaa eneo la kusubiri masaa na masaa, kila saa analalamika. Dana katoka nje kidogo avute sigara, yule baba akamtwanga ngumi ya uso. Anafuta damu, anarudi kazini. Nilisimamisha simu nikakaa kimya. Ngumi sijapigwa, lakini macho ya yule baba kabla hajapiga nimeshayaona kazini. Katherine LaNasa aliyeigiza kapata Emmy na anastahili.

Na siku ya majeruhi wengi, watu wamepigwa risasi kwenye tamasha, wanawavisha bangili za rangi mlangoni kupanga nani anaanza na nani anasubiri. Vile ndivyo inavyofanyika, hamna kubembeleza. Lawama yangu moja: kule dawa na kifaa vinafika kabla mtu hajamaliza kuvitaja. Hapo nilicheka peke yangu.

MDAU, CHUMBAGENI

Mimi mzazi, nina wa kiume kidato cha pili. Kwenye Adolescence episodi ya pili, yule mpelelezi anazunguka shuleni na haelewi kitu. Mwanawe mwenyewe, anayesoma palepale, ndiye anamvuta pembeni na kumweleza kwamba vile vikatuni (emoji) alivyoandika marehemu kwenye Instagram havikuwa utani wa kirafiki, vilikuwa matusi. Rangi ya moyo ina maana yake, kidonge chekundu kina maana yake. Baba mpelelezi mzima, kapigwa na butwaa. Nilimwita wangu nikamwuliza kama anavijua. Akasema "vyote", akaendelea kula.

Kule Uingereza waliiruhusu ionyeshwe bure kwenye sekondari zote. Hapa kwetu sioni nani angetafsiri, na lugha yenyewe ile ya mtaani ya Kiingereza inawapita hata wanaojua.

Lakini jamani, mbona hakuna anayetaja za nyumbani? Huba, Jua Kali, ziko Maisha Magic Bongo, hazikusubirishi hata siku moja. Za Kituruki zenye sauti za Kiswahili ndiyo usiseme, kila jioni zipo.

MDAU, MAKORORA

Dada Chumbageni, hazisubirishi kwa sababu hazifiki mwisho! Mtu anapewa sumu Jumatatu, Ijumaa kikombe bado hakijafika mdomoni. Bora nisubiri miaka mitatu kuliko hivyo.

MLETA MADA

Makorora, hilo ni tatizo la mwandishi kukosa mwisho, na Stranger Things wanalo pia. Wamemaliza bila kutuambia waziwazi kama Eleven, yule wa Millie Bobby Brown, amekufa au yuko hai, wametuachia mpenzi wake Mike atusimulie anachoamini. Miaka tisa na nusu nimefuatilia, nastahili jibu.

Dada Mikanjuni, umeshaanza msimu wa pili?

MDAU, MIKANJUNI

Bado kaka. Kijana wa laibrari anasema inatoka moja kwa wiki, niwe napita kila Ijumaa na flashi. Nimemwambia hapana, azikusanye zote 15 ndipo aniite. Nipate likizo, nizimalize kwa siku mbili.