Gemu la Mirihi lina Februari ya siku 30, halafu linajiita "sayansi halisi"! Naombeni nitoe povu

Wakuu, salaam. Nimenyamaza wiki mbili nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Kuna gemu nimelinunua mwezi jana, la kujenga makazi kwenye sayari ya Mirihi. Jina silitaji. Nimelishusha siku nne kwa mabando ya usiku. Kilichoniponza ni tangazo lao: "sayansi halisi". Nikaingia, nikajenga kitalu nyumba, nikapanda viazi, nikatupa jicho kwenye kona ya skrini. Tarehe 30 Februari.

Kwanza Februari inafanya nini Mirihi? Pili, hata hapa duniani Februari ya siku 30 imetoka wapi? Kumbe kila mwezi wameupa siku 30, na kila siku saa 24 kamili, basi, kazi imeisha.

Siku ya Mirihi wanasayansi wanaiita soli, na ina saa 24, dakika 39 na sekunde kama 35. Mtu atasema dakika 39 ni kitu gani, si muda wa kusubiri chipsi mayai tu? Ziache zilimbikizane. Ukienda kule na saa yako ya mkononi, ikifika soli ya 18 hivi inakuambia ni adhuhuri, nje giza totoro. Ndiyo maana mwaka 2004 fundi saa mmoja wa California aliwarekebishia watu wa NASA saa zao zichelewe makusudi, ili walioendesha yale magari ya utafiti waamke na kulala kwa jua la Mirihi. Na hawahangaiki na Januari wala Februari, wanahesabu soli tangu gari lilipotua.

Tuje kwenye mwaka. Mwaka wa Mirihi ni soli 668 na ushee, na majira yake hayalingani, kwa sababu sayari inakwenda taratibu ikiwa mbali na jua na inakimbia ikiwa karibu. Upande wa kaskazini, machipuko yanakula soli 194 wakati majira ya kupukutika majani ni 142 tu. Gemu limegawa yote miezi mitatu mitatu kama keki ya sherehe. Mimi nimepanga akiba ya chakula kwa hesabu za kweli, nikafa njaa kwa hesabu zao! Hata dhoruba za vumbi zinakuja zinavyojisikia, wakati inajulikana kwamba zile kubwa huja sayari ikiwa upande wa karibu na jua. Ile ya 2018 iliizimisha Opportunity, gari lililoishi kwa umeme wa jua. Mara ya mwisho kusikika ilikuwa 10 Juni.

Na wala hawakutakiwa kuumiza kichwa. Mmarekani mmoja, mhandisi wa mambo ya anga Thomas Gangale, alishaipanga kalenda ya Mirihi mwaka 1985: miezi 24, ishirini ina soli 28 na minne ina soli 27. Jumlisha mwenyewe. Ni kunakili tu.

Najua kuna mdau atakuja na "kalenda haibadilishwi, watu wameshazoea". Mkuu, Kodak, ile kampuni ya kamera na filamu, walipanga kazi zao kwa miezi 13 ya siku 28 kuanzia 1928 mpaka 1989. Wafaransa walibadilisha kila kitu mwaka 1793; walikosea pale walipofanya wiki kuwa siku 10, maana hakuna mfanyakazi anayefurahia kusogezewa siku ya kupumzika. Ikafutwa mwanzoni mwa 1806. Huku kwetu wazee wa pwani walihesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, wakajua kaskazi inaingia lini na kusi lini, na Makunduchi mpaka leo wanakoga mwaka. Kalenda inafuata pale unapolima na kusafiri. Sasa mtu unalima Mirihi, unafuata mvua za wapi?

Kilichonimaliza ni ile misheni ya kurudi nyuma ya wakati. Unapewa barua ya siri, juu imeandikwa London, 8 Septemba 1752. Nilicheka peke yangu usiku. Uingereza mwaka ule walilala Jumatano tarehe 2 Septemba, wakaamka Alhamisi tarehe 14, maana ndipo walipoacha kalenda ya zamani. Tarehe 8 HAIKUWEPO. Nikadhani ni mtego, kwamba barua ni ya kughushi na mimi ndiye nimegundua. Nikachagua "barua bandia". Misheni imefeli. Gemu la kusafiri kwenye wakati, wakuu!

Halafu eti lina Kiswahili. Limetuandikia "saa 7 asubuhi". Tukio la zawadi likatangazwa "saa 3 usiku". Nikala mapema, saa tatu kasoro nimeshakaa, daftari mkononi. Kimya. Saa nne kimya. Saa tano nikazima, nikalala. Asubuhi nakuta tukio limepita: walikuwa na maana ya saa tisa usiku! Aliyetafsiri amechukua namba za kizungu akazibandika neno "usiku", basi.

Nimewaandikia watengenezaji, nimeeleza yote, barua ndefu kuliko huu uzi. Nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba nijaribu kurekebisha majira ya saa kwenye simu yangu. Nachezea kompyuta.

Aliyewahi kurudishiwa hela ya gemu alilolipia kwa simu aje anielekeze hapa. Nimecheza saa 19, sijui kama bado wananisikiliza.