Tupeane uzoefu: mafuriko na kimbunga, ukiona nini unaacha nyumba? (Bagamoyo)

Mwana wa Kaole
Asalaam aleikum, wakubwa zangu shikamooni. Masika yakiingia, kaya za bondeni huwa na ubishi uleule: baba anasema tungoje, mama anasema tutoke, bibi anasema maji hayajawahi kufika hapa. Naomba uzi huu uwe wa vipimo. Dua tunaomba na tutaendelea kuomba, ila anayejua mto, bahari, ukuta, umeme au dawa atuwekee kipimo chake: ukiona nini unatoka, unatoka na nini, na watu hukosea wapi.

Makurunge Shambani
Naanza na mto, maana wengi hutazama mawingu ya Bagamoyo na hapo ndipo kosa linapoanzia. Maji ya Ruvu yanayotufikia huku chini yametoka milima ya Uluguru, yamepitia Mgeta, Ngerengere na vijito vingine. Wami nao unakusanya kutoka Ukaguru, Nguru na Rubeho. Mvua ikipiga Morogoro siku tatu mfululizo, huku kwetu jua linaweza kuwa linawaka, watu wameanika mpunga, na mto unapanda. Basi kipimo cha kwanza ni simu kwa jamaa walioko juu. Kipimo cha pili ni macho: maji yakigeuka rangi ya udongo mwekundu na kuanza kuleta magogo, magugu na migomba mizima, yaliyo nyuma ni mengi zaidi ya hayo unayoyaona.

Kipimo cha tatu ni kijiti. Chomeka mti ulionyooka ukingoni, utie alama kila sentimita 10, usome kila baada ya saa moja. Lakini usipime mpaka mlangoni kwako. Pima mpaka pale barabara yako inaposhuka chini kabisa, kwenye kalvati au dimbwi la kila mwaka. Nyumba nyingi za huku zimekaa kwenye mwinuko, barabara ndiyo inayopita bondeni, kwa hiyo njia hufungwa kabla nyumba haijaloa hata kizingiti. Aliyengoja maji mlangoni amengoja mpaka akawa kisiwani.

Hesabu yenyewe ni hii. Maji yako sentimita 60 chini ya ile sehemu ya chini ya barabara, na yanapanda sentimita 5 kwa saa. Hapo kuna saa 12. Zikate nusu, kwa sababu mto ukishavuka kingo hupita njia zake usizozitarajia, na kasi ya usiku huioni. Zimebaki saa 6. Toa muda wa kuhamisha bibi, watoto, mbuzi na magunia, tuseme saa 3. Una saa 3 za kuamua, basi. Na ikiwa saa hizo zinaangukia baada ya magharibi, amua sasa hivi.

Nahodha Mstaafu
Marahaba, Mwana wa Kaole. Kaka wa Makurunge amesema kweli, ila mto hauko peke yake, una bahari mbele yake. Wakati wa bamvu, yaani siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, maji yakijaa, maji ya mto hayapati pa kutokea. Yanasimama na kurudi nyuma kwenye mikoko, kwenye mashamba ya chumvi na kwenye mitaro ya mjini. Mvua ileile ambayo wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo tu, ingeisha bila madhara, wakati wa bamvu inaingia ndani.

Anayefuata mwezi anaweza kujihesabia. Bamvu huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na huwa kubwa zaidi siku moja au mbili baada yake. Pwani yetu hii, siku za bamvu maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na usiku, kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Ukijumlisha mvua kubwa ya usiku na bamvu la saa kumi alfajiri, unajua maji yatakuja watu wamelala. Nyumba iliyo karibu na mdomo wa mto au mkondo itoke kabla ya magharibi.

Kuna ishara nyingine, si ya kawaida lakini haina mjadala. Bahari ikikauka ghafla wakati si wa kupwa, samaki wakabaki wanarukaruka mchangani, usishuke kuokota. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la ardhi lilitokea karibu na Sumatra, na siku ileile mawimbi yalifika hadi pwani ya Tanzania yakaua waogeleaji. Hapo unapanda juu kwa miguu, hufungi hata mlango. Wimbi la kwanza likipita usirudi, kwa sababu mengine huendelea kuja kwa saa nyingi na la kwanza huenda lisiwe kubwa kuliko yote.

Bi Mkubwa wa Nianjema
Ahsanteni. Naomba kuuliza kwa niaba ya wengi: sisi wa nyumba za udongo na fito, na wale wa tofali mbichi, ukuta unahimili maji kwa muda gani? Maana wengine husema maji ya vifundoni ni ya kufagia tu.

Fundi Ujenzi, Dunda
Shikamoo Bi Mkubwa. Nyumba ya fito na ya tofali mbichi hazifi kifo kimoja. Ya fito, udongo hulowa na kumomonyoka vipande vipande, lakini nguzo zikiwa nzima, hasa za mkoko, paa hubaki limesimama. Unapata muda wa kutoka. Ya tofali mbichi ndiyo ya kuogopa. Ukuta hunywa maji kutoka chini, mstari wa unyevu unapanda taratibu juu ya yale maji unayoyaona, na tofali za chini zinageuka uji huku zimebeba uzito wote wa ukuta na paa. Inaanguka yote kwa mara moja, mara nyingi bila mlio wa kukuonya. Kwa nyumba hiyo, maji yakigusa ukuta kwa nje, watu watoke, hata kama ndani ni pakavu.

Ya bloku za saruji inahimili, lakini angalia pembe. Maji yanayotembea hula udongo chini ya msingi, kwenye kona kwanza. Dalili za kutoka mara moja: mlango uliokuwa ukifunga vizuri asubuhi sasa unakwama, ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha ambao kidole kinaingia, ukuta umefanya tumbo, sakafu ukiigonga inalia kama ngoma, maana chini kumekuwa na shimo. Za mawe na chokaa za mji wa zamani zina kuta nene zinazotia watu moyo, lakini katikati ya ukuta mara nyingi ni kifusi na udongo. Ikishapata ufa juu na paa linavuja, usilale chini yake msimu wa mvua.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea maji yakishatoka. Watu hurudi siku ileile, wanafagia tope, wanalala. Ukuta bado una maji ndani, ardhi chini yake inazama inapokauka, na yale maji ya nje yaliyokuwa yanausukuma kutoka upande wa pili hayapo tena. Kuta nyingi huanguka wakati huo. Zunguka nyumba kwa nje kwanza, ukikaa mbali na ukuta kwa urefu wake au zaidi, na wa tofali mbichi wasilale ndani mpaka mstari wa unyevu uwe umeshuka hadi chini.

Fundi Umeme
Nitakuwa mfupi. Zima swichi kuu maji yakifika barazani, kabla hayajaingia. Simama pakavu, mikono mikavu, ndala za mpira miguuni. Kama maji yameshatanda sakafuni na swichi iko ndani, usiyavuke kwenda kuzima. Piga simu TANESCO wakate kwenye nguzo. Soketi nyingi ziko chini, na ekstensheni zimelala sakafuni, kwa hiyo hata maji ya vifundoni yanatosha kuleta shoti. Wenye sola: paneli inaendelea kuzalisha mchana hata ukizima taa zote, basi zima swichi iliyo kati ya paneli na betri. Mtungi wa gesi uzime, vua regyuleta, kisha ufunge mtungi kwa kamba usimame wima, maana usiojaa huelea na kugongagonga. Waya wa umeme ukianguka kwenye maji, rudi ulikotoka, kaa mbali mita 10 au zaidi.

Mfuatilia Hali ya Hewa
Taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, zina ngazi tatu na watu huzichanganya. Njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mpangilio unaofaa kwa bondeni na ufukweni: njano, andaa mizigo na ongea na utakapofikia, machungwa, wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto wadogo watangulie, nyekundu, hakuna anayebaki.

Kimbunga kina hesabu tofauti na mafuriko. Mafuriko unaweza kuyapima ukingoni, kimbunga ukingoja kukiona umechelewa. Upepo ukianza kukata matawi madogo ya miti umekaribia kilomita 60 kwa saa, na hapo kutembea ni shida, bodaboda haiendeki, mabati na nazi vinaruka. Kutoka kunaisha kabla ya hapo. Ukikutwa, ingia nyumba imara ya jirani, chumba cha ndani kisicho na dirisha upande wa bahari. Na upepo ukikatika ghafla katikati ya dhoruba, huenda ni jicho la kimbunga limepita juu yenu, upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Najua wapo wanaosema kimbunga Jobo cha Aprili 2021 kilitangazwa kikaishia baharini, kwa hiyo wasitutishe. Jobo kilidhoofika kabla ya kufika, ndivyo vimbunga vilivyo. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Ukihama mara moja bure umepoteza nauli na usingizi wa usiku mmoja. Inauma, lakini nauli inatafutwa tena.

Nesi wa Pwani
Mfuko. Maji ya kunywa ni lita 3 kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu 6 kwa siku 3 ni lita 54, karibu madumu matatu ya lita 20, na kila dumu lina uzito wa kilo 20. Hakuna anayetembea nayo akiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo yatangulizwe kwa bajaji siku moja kabla, la sivyo beba vidonge vya kutibu maji. Vile vya kawaida ni kimoja kwa lita 20 za maji maangavu, unangoja dakika 30. Soma paketi yako. Maji ya tope chuja kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, maana dawa huishia kwenye uchafu.

Dawa za presha, sukari, kifafa na ARV ziwe za siku 14, pamoja na kadi ya kliniki, maana bila kadi utaanza kuelezwa na kuulizwa upya. Insulini isiyo na friji ikae ndani ya chungu kilichozungushiwa kitambaa kibichi, kivulini. Mjamzito aliyefika mwezi wa nane asingoje rangi yoyote, asogee karibu na hospitali mvua zinapoanza kuchanganya. Pakiti za ORS zisiwe chini ya 6. Zikiisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Maji ya mafuriko yamepita vyooni, kwa hiyo unga au mchele uliolowa hauanikwi ukaliwa. Unatupwa.

Kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za kiwanja: mfuko wa plastiki ndani ya mwingine, kisha ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko. Ndoo hiyo huelea hata ikikuponyoka.

Makurunge Shambani
Naongeza kuhusu kuvuka. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu, chini ya katikati ya ugoko, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaanza kuelesha gari dogo. Bodaboda wanapotea kwenye kalvati, kwa sababu maji hula kingo za barabara kutoka chini, juu inaonekana lami, chini ni tupu. Na Ruvu una mamba na viboko, ukifurika nao husogea mashambani. Usivue viatu, tanguliza fimbo.

Mifugo: kama huwezi kuondoka nayo, kata kamba. Mbuzi aliyefungwa hufia kwenye kigingi chake.

Balozi Nyumba Kumi
Kinachowabakisha watu wengi ni wizi, tusiwalaumu. Dawa yake ni kupanga mapema: nyumba kumi zinakubaliana vijana wawili wa kulinda kutoka mwinukoni, si kutoka ndani ya nyumba. Kila kaya inampa balozi idadi ya watu wake na wanakokwenda, ili waokoaji wasihangaike kutafuta mtu aliyelala kwa shemeji yake Chalinze. Shule ikiwa ndiyo kimbilio, ulizeni sasa nani ana funguo usiku, na vyoo vyake viko wapi. Zimamoto na uokoaji ni 114, polisi 112.

Mwana wa Kaole
Mungu awalipe. Swali la mwisho kwa Makurunge: huo usawa wa barabara na mto unapimaje, wakati viko mbali?

Makurunge Shambani
Kwa mpira wa maji ule wa mafundi, na ufanye kiangazi. Jaza maji mpaka mapovu yote yatoke, povu moja tu linakupotosha. Shikilia ncha moja usawa wa lami pale chini kabisa, ncha nyingine kwenye nguzo au mti wa kwanza, weka alama maji yakitulia. Kutoka alama hiyo hamia mti unaofuata, mpaka ufike mtoni. Hapo chora mstari kwa rangi nyekundu ya mafuta, upana wa vidole viwili, upande wa nguzo unaotazama mto unakokwenda, kwa sababu upande wa pili hupigwa magogo na rangi inatoka. Kisha chora mstari wa pili wa njano sentimita 60 chini yake. Maji yakigusa njano, mizigo inaanza kutoka.