Cheti cha mtoto kimeandikwa mwanamme, vipimo vinasema ni mwanamke: naanzia wapi?

Mama wa Konde:
Assalaam alaykum. Naomba msaada wa anayejua taratibu za huku kwetu Zanzibar, za Bara nishaambiwa nyingi.

Mwanangu yuko darasa la pili. Alipozaliwa mkunga alisema mwanamme, babu yake akampa jina la Salum, cheti kikatoka hivyo. Korodani hazikuonekana, nikaambiwa zitashuka zenyewe. Akawa anarefuka kuwapita wenziwe wote, mara akaota nywele za ukubwani ilhali meno ya utoto bado yanamtoka. Tulipompeleka kutiwa tohara daktari alimkagua, akaweka vifaa vyake chini, akasema huyu simgusi mpaka apimwe.

Damu ikapelekwa Dar. Majibu ya vipimo vyote: kromosomu XX, yaani za kike, ana kizazi na vifuko vya mayai. Tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zikitoa homoni za kiume kupita kiasi tokea yumo tumboni mwangu, ndiyo maana kwa nje alionekana mwanamme. Sasa anakunywa haidrokotizoni kila siku, wala haifai kuikosa.

Tulimweleza kwa maneno ya umri wake. Akauliza kama ataruhusiwa kusuka. Jina la Salma kalichagua mwenyewe. Kwenye chuo cha Kurani ustadhi kamhamishia upande wa wanawake siku ile ile, Mungu amlipe. Lakini skuli wanafuata cheti, na ofisini nilikokwenda nilijibiwa, mbele ya watu, "sisi hatubadilishi jinsia za watu." Nimeumia. Mimi sikwenda kumbadilisha mwanangu.

Karani Mstaafu:
Waalaykum salaam dada. Pole sana. Neno "kubadili" usilitamke tena dirishani. Unachoomba ni kusahihisha ingizo lililokosewa tokea siku ya kwanza, na karani mwenye kuijua kazi yake anajua kuwa hayo ni maombi mengine kabisa. Chukua barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wenu, cheti cha zamani, kiapo chenu wazazi wawili mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, na ripoti ya daktari bingwa. Jina na jinsia viombe kwa pamoja, kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Wakikataa, omba wakuandikie sababu. Karatasi ya kukataliwa ndiyo wakili atakayoingia nayo mahakamani, maneno ya dirishani hayamfai kitu.

Na usingoje. Akifika miaka 18 atataka kitambulisho cha Mzanzibari, cha taifa cha NIDA, na pasi ya kusafiria, na kote huko wataanzia kwenye cheti hicho. Jina likishaingia kwenye vyeti vya mitihani utapiga hodi milango mingi zaidi.

Mama wa Konde:
Ahsante kaka. Nimeifungua ripoti sasa hivi. Mstari wa mwisho umeandikwa: "Mgonjwa anabadilishwa jinsia kuwa wa kike." Kumbe karani aliyasoma haya!

Karani Mstaafu:
Basi rudi kwa daktari. Aandike kwamba ni mwanamke kwa kuzaliwa, ataje ugonjwa wenyewe na vipimo, na kwamba aliandikwa mwanamme kwa makosa. Mhuri na tarehe.

Mtambwe:
Atakayekwambia unageuza maumbile ya Mola, mwambie mafakihi hawakulinyamazia jambo hili. Vitabu vyetu vya Kishafii vina mlango wa khuntha, mtu ambaye maumbile yake hayaoneshi wazi kama ni mwanamme au mwanamke, katika mirathi: hali yake isipojulikana, kila mrithi hupewa fungu lile la yakini na kilichobaki huzuiwa mpaka ibainike. Ya mwanao imeshabainika. Sahihisha, maana fungu lake na stara yake vyote vimo humo.

Dada wa Mombasa:
Huku Kenya mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mtoto ambaye spitali walimtilia alama ya kuuliza pahala pa jinsia, akakosa cheti. Na sensa ya 2019 ikawahesabu watu 1,524 wenye jinsia mbili. Nakwambia ujue hauko peke yako. La upasuaji usikubali kusukumwa, shoga yangu. Dawa zinatibu ugonjwa; umbo la nje, kama si dharura, linaweza kungoja mpaka mwenyewe aseme.

Sheha naye mpe la kumtosha tu: jina na jinsia vimekosewa kwenye cheti. Ripoti ya spitali si ya kupitishwa barazani.

Mama wa Konde:
Nimewasikia nyote, na babu yake nimemsomea. Kasema Salma ni jina la mama yake. Jumatatu naenda kwa daktari. Mwenye kumjua wakili hapa Pemba asiyetembeza mambo ya watu aniandikie faragha, tafadhali, kabla skuli hazijafunguliwa.